Gemu Haikutimiza Tangazo: Namna ya Kudai Pesa Yako

Desemba 7, 2023 gemu iitwayo The Day Before iliingia sokoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa dola 39.99. Trela zake, yaani video za kuitangaza, za tangu 2021 zilionyesha ulimwengu mpana ulio wazi, wachezaji wengi kwa pamoja, wanahangaika kuishi katikati ya mazombi. Walioinunua wakakuta kitu kingine kabisa: unaingia kwenye ramani, unaokota vitu, unatafuta njia ya kutoka, basi. Desemba 11, siku nne tu baadaye, studio ya Fntastic ikatangaza kwamba inafunga. Gemu ikaondolewa dukani, na mchapishaji wake, Mytona, kwa kushirikiana na Steam, akafungua mlango wa kurudisha pesa kwa kila aliyenunua, awe amecheza dakika kumi au saa kumi. Januari 22, 2024 seva zikazimwa.

Wale walikuwa na bahati, kwa maana ya ajabu. Kashfa ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kubishana. Kwa kawaida mambo hayaendi hivyo. Gemu inabaki dukani, ina nyota zake tatu na nusu, imekosa kile kimoja tu ulichoinunulia: hakuna kucheza wawili kwenye skrini moja, au hali ya mtandaoni iliyotangazwa "inakuja hivi karibuni" tangu mwaka juzi. Hapo ni juu yako kujieleza, tena ndani ya muda mfupi. Nitaeleza zaidi kuhusu Steam kwa sababu kanuni zake ziko wazi kuliko za wengi, halafu nitapitia maduka mengine.

Kwanza: hifadhi ahadi kabla hujalipa

Watu wengi huanza kutafuta ushahidi baada ya kukasirika, na kwa wakati huo ukurasa wa gemu umeshabadilishwa. Mtengenezaji ana haki ya kuuhariri wakati wowote, na akiona malalamiko yamezidi, sentensi iliyokuvutia inaweza kutoweka usiku mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kununua, piga picha za skrini za mambo manne: maelezo ya gemu, orodha ya vipengele iliyo pembeni (mchezaji mmoja, wachezaji wengi, ushirikiano mtandaoni, skrini moja, kidhibiti cha mkono), orodha ya lugha, na mahitaji ya kompyuta. Kama una dakika moja zaidi, chukua anwani ya ukurasa huo uiweke kwenye Wayback Machine ya archive.org. Tovuti hiyo huhifadhi nakala yenye tarehe, na tarehe hiyo haiwezi kupingwa kirahisi kama picha iliyokaa kwenye simu yako.

Kuna tofauti moja ya kuzingatia hapa. Ahadi inayodaika ni ile iliyoandikwa na muuzaji au mtengenezaji: ukurasa wa duka, trela rasmi, tangazo lao. Alichosema mtu wa YouTube kwenye video ya "mambo 20 tunayoyatarajia" hakimfungi mtu yeyote. Nusu ya hasira zinazomwagwa mitandaoni zinatokana na mambo ambayo mtengenezaji hakuyasema kabisa. Mashabiki waliyasema kwa niaba yake, wakayaamini wenyewe.

Hata trela rasmi ina mipaka yake. Mwaka 2016 gemu ya No Man's Sky ya Hello Games ilitoka ikiwa na upungufu mkubwa kulinganisha na yale yaliyokuwa yakisemwa, na Waingereza wakapeleka malalamiko kwenye ASA, chombo chao kinachosimamia matangazo. Novemba mwaka huo ASA ikaamua kwamba ukurasa wa gemu haukupotosha. Hoja kubwa: gemu ile inaunda sayari zake yenyewe kwa hesabu za kompyuta, kwa hiyo mchezaji mmoja hawezi kutarajia kuona kile hasa alichokiona mwingine kwenye picha. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2013, mambo yalikwenda tofauti kwa Aliens: Colonial Marines. Trela zake zilitumia toleo la maonyesho lililopendeza kuliko gemu yenyewe, na Sega, mchapishaji wake, ikakubali mbele ya ASA kwamba ilipaswa kuwaambia watazamaji hivyo. Ukizilinganisha kesi hizo mbili utaona kwamba "picha haipendezi kama kwenye trela" ni hoja dhaifu ikiwa peke yake. "Kipengele fulani kimetajwa kwa jina na hakipo" ni hoja nzito. Itafute ya pili.

Pili: saa mbili zile zina kazi

Kanuni ya Steam, iliyoanza Juni 2015, ni hii: omba ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa mbili. Ukitimiza yote mawili, hata sababu haihojiwi sana. Valve wenyewe, kampuni yenye Steam, wanasema unaweza kurudisha kwa sababu kompyuta yako haikuiweza, au kwa sababu hukuipenda tu.

Lakini elewa saa zinavyohesabiwa. Siku 14 zinaanza unapolipa, si unapomaliza kupakua. Kama gemu ina GB 90 na wewe unategemea bando la usiku, unaweza kumaliza wiki nzima kabla hujaifungua, na siku zinahesabika. Nunua bando kwanza, gemu baadaye. Saa mbili nazo zinahesabu muda wote gemu inapokuwa imewashwa, hata ukiwa umekaa kwenye menyu, hata ukiwa umekwenda jikoni na kuiacha ikipiga muziki. Gemu za siku hizi zinazoandaa michoro kwa dakika ishirini mara ya kwanza zinakula muda huo huo wako.

Kwa hiyo usianze na hadithi. Usitengeneze sura ya mhusika wako kwa nusu saa, nywele na kovu la shavuni. Nenda moja kwa moja kwenye kile ulichokinunulia. Kama ni kucheza mtandaoni na mwenzako, mwambie awe tayari, jaribuni kuunganisha mara mnapofungua. Kama ni kidhibiti cha mkono, kichomeke kabla ya kuwasha. Kama ni lugha, fungua mipangilio. Zipo gemu ambazo kipengele kinafunguka baada ya saa kadhaa za kucheza. Hapo tafuta waliokwisha kufika, soma maoni yao, uamue kabla saa yako haijafika mbili. Ukiona mashaka ukiwa kwenye saa moja na nusu, funga gemu, ukafikirie ikiwa imezimwa.

Ulichoagiza kabla ya kutoka unaweza kukirudisha wakati wowote kabla ya siku ya uzinduzi. Baada ya hapo siku 14 na saa mbili zinaanza kuhesabiwa. Angalia mtego mmoja: matoleo ghali yanayokuruhusu kucheza siku tatu nne kabla ya wengine. Tangu Aprili 2024 muda unaocheza katika siku hizo unahesabiwa ndani ya saa zako mbili.

Gemu zinazouzwa zikiwa bado zinajengwa zinataka tahadhari ya peke yake. Kwenye ukurasa wake kuna kisanduku ambamo mtengenezaji anajibu maswali: kwa nini anauza kabla ya kumaliza, nini kipo leo, nini kitakuja. Kilichoandikwa kwamba kipo leo unaweza kukidai. Kilichoandikwa kwamba kitakuja ni matumaini, na Valve wanawaonya wanunuzi wazi kwamba baadhi ya gemu hizo hazitamalizika. Ushauri wangu: lipia kilichopo leo. Kama kilichopo leo hakikutoshi, kaa na pesa yako.

Tatu: ombi lenyewe

Ingia help.steampowered.com kwa akaunti ile ile iliyonunua. Fungua sehemu ya manunuzi, chagua gemu, chagua tatizo, halafu chagua kwamba unataka kurudishiwa pesa. Utaulizwa pesa irudi wapi, kisha kuna orodha ya sababu na kisanduku cha maelezo. Steam haina Kiswahili, kwa hiyo andika Kiingereza chepesi. Ukiwa ndani ya siku na saa, kisanduku hicho hata mstari mmoja unatosha. Ukiwa umezidi, ndicho kinachobeba kesi yako yote.

Watu hujaza pale matusi, au historia ya maisha. Andika mambo matano tu: kilichoahidiwa, kilipoandikwa, ulichokikuta, ulichojaribu, unachotaka. Kwa mfano, kabla ya kutafsiri kwa Kiingereza:

"Ukurasa wa gemu hii, nilioupiga picha tarehe 3 Machi, unasema inachezwa na watu wawili kwenye skrini moja. Nimecheza dakika 48. Sehemu hiyo haipo kwenye menyu. Nimejaribu na vidhibiti viwili, na nimeifuta gemu na kuipakua upya. Tarehe 5 Machi mtengenezaji ametangaza kwamba kipengele hicho kitaongezwa baadaye. Niliinunua ili nicheze na mdogo wangu. Naomba pesa irudi kwenye kadi niliyolipia."

Hakuna "wezi wakubwa nyie" humo. Anayesoma ombi si mtengenezaji wa gemu, ni mfanyakazi wa duka mwenye foleni ndefu mbele yake, na anachohitaji ni sababu ya kubonyeza kukubali.

Utapata barua pepe ya kuthibitisha kwamba ombi limepokelewa. Itunze.

Nne: pesa inarudi wapi

Hapa ndipo wanunuzi wa Afrika Mashariki wanapojikwaa. Steam hapa inauza kwa dola, si kwa shilingi. Ulilipa dola 30, zitarudi dola 30, lakini benki au mtandao wa simu utazibadilisha kwa bei ya siku zinaporudi, na makato ya muamala wa kwanza mara nyingi hayarudi. Usishangae kukuta upungufu kidogo.

Ombi likishakubaliwa, Valve wanasema pesa itafika ndani ya wiki moja; malipo ya kimataifa yanaweza kuchelewa zaidi. Kama ulitumia kadi ya mtandaoni, ile unayoitengeneza kwenye M-Pesa au huduma nyingine ya simu, usiifute mpaka pesa ifike. Pesa inarudi kwa namba ya kadi, na kadi iliyofutwa ni usumbufu wa kupigiana simu na huduma kwa wateja. Duka likishindwa kurudisha kwa njia uliyolipia, litaweka kwenye pochi yako ya Steam, ambako utaitumia kununua gemu nyingine tu. Na kama ulinunua kwa kadi za zawadi za Steam, zile zinazouzwa kwa wakala, pesa inarudi pochini moja kwa moja. Kuitoa kuwa taslimu haiwezekani.

Namba za kufungulia gemu (key) ulizonunua kwenye tovuti nyingine au kwa mtu wa Telegram, Steam hawatakurudishia. Hawakupokea pesa yako. Unarudi kwa aliyekuuzia, na kama alichokuuzia ni akaunti mnayoitumia watu sita kwa zamu, sina la kukusaidia.

Tano: ukikataliwa, au ukiwa umezidi saa mbili

Kukataliwa mara ya kwanza si mwisho. Valve wanasema hata ukiwa nje ya kanuni unaweza kuomba na watakuangalia. Unaweza kutuma tena, ila ongeza kitu kipya: nakala ya ukurasa wa zamani, tangazo la mtengenezaji akikiri, tarehe ambayo kipengele kiliondolewa. Kutuma maneno yale yale mara nne ni kupoteza muda wa wote wawili.

Kinachosaidia sana hapa ni mabadiliko yaliyokuja baada ya wewe kununua. Helldivers 2 ni mfano unaotuhusu moja kwa moja. Ilitoka Februari 2024, watu wakaicheza kwenye kompyuta kwa miezi bila shida. Mwanzoni mwa Mei, Sony, wachapishaji wake, wakatangaza kwamba kila mchezaji lazima aunganishe akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haipo rasmi Kenya, Tanzania wala nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo mchezaji wa huku alitakiwa ama kudanganya kwamba anaishi nchi nyingine, jambo ambalo masharti ya Sony wenyewe yanalikataza, ama kuacha gemu aliyoilipia. Gemu iliondolewa kuuzwa katika nchi zaidi ya 170, maoni hasi yakafurika, na wapo waliorudishiwa pesa na Steam ilhali saa zao zilikuwa zimepita mbili kwa mbali. Baada ya siku chache Sony wakarudi nyuma. Likitokea jambo la namna hiyo tena, tuma ombi siku hiyo hiyo, ueleze kwamba nchi yako haimo kwenye orodha. Mlango ukiwa wazi kwa ajili ya kelele za dunia nzima, haukai wazi muda mrefu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Cyberpunk 2077. Ilitoka Desemba 10, 2020, na kwenye PlayStation 4 na Xbox One ilikuwa haichezeki vizuri. Wiki moja baadaye Sony waliiondoa kwenye duka lao na kuahidi kumrudishia pesa kila aliyeinunua hapo. Ilirudi Juni 2021. Kuna dola milioni 1.85 ambazo CD Projekt, mtengenezaji wake, ilikubali kulipa baadaye kumaliza kesi Marekani, na watu husema zilikuwa za wachezaji. Zilikuwa za wawekezaji walionunua hisa. Aliyesubiri mgao ule badala ya kuomba kwa Sony hakupata kitu.

Maduka mengine, kwa ufupi

GOG ndio wakarimu: siku 30, hata kama umeshapakua na kucheza. Epic wana siku 14 na saa mbili, kama Steam. Xbox wana siku 14 na wanataka uwe hujacheza sana. PlayStation ni wagumu: siku 14, ila ukishaanza kupakua haki hiyo imekwisha, isipokuwa gemu iwe na hitilafu. Kwa hiyo kwenye PlayStation zima upakuaji wa moja kwa moja kabla ya kununua kitu usicho na uhakika nacho. Nintendo huhesabu manunuzi ya kidijitali kuwa yamekwisha, kwa hiyo tazama video za watu wanaocheza kabla ya kulipa.

Kwenye simu, Google Play wanakupa saa 48 kuomba kwao. Baada ya hapo unaelekezwa kwa mtengenezaji. Gemu moja unairudisha mara moja tu. Wenye iPhone waende reportaproblem.apple.com. Huko ndiko matangazo ya uongo yamejaa kupita kiasi: video inaonyesha kuvuta pini kumwokoa mfalme, unapakua unakuta ni kupanga peremende. Kama ni ya bure, umepoteza bando tu. Kama umeshanunua sarafu za ndani ya gemu, omba kabla hujazitumia.

Sheria na benki

Duka likigoma kabisa, kuna ngazi ya juu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inapokea malalamiko ya wateja. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Sitakudanganya: kulifikisha mezani duka lililo Marekani kwa gemu ya dola 20 ni kazi ndefu. Vyombo hivi vinafaa zaidi pale muuzaji ni wa hapa, kwa mfano duka la Luthuli jijini Nairobi au Kariakoo lililokuuzia diski likisema ina vitu ambavyo havimo. Huyo ana mlango, na barua inamfikia.

Ukiwa Uingereza, sheria ya haki za watumiaji ya 2015 (Consumer Rights Act 2015) inasema bidhaa ya kidijitali lazima ilingane na maelezo yake. Itaje kwa jina kwenye ombi lako. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni kama hiyo inayotumika tangu Januari 2022. Na kwamba maduka makubwa yanaweza kubanwa, Australia ilishaonyesha: mwaka 2016 mahakama iliitoza Valve dola milioni 3 za nchi hiyo kwa kuwaambia wateja hawana haki ya kurudishiwa pesa.

Benki iwe ya mwisho kabisa. Unaweza kuomba benki iliyotoa kadi ipinge muamala, na kama una picha, tarehe na majibu ya duka, unaweza kushinda. Lakini maduka yanalichukulia jambo hilo kama ugomvi: akaunti yako inaweza kufungwa au kuzuiwa, pamoja na gemu nyingine zote ulizowahi kulipia humo. Mwenye gemu moja kwenye akaunti ana kidogo cha kupoteza. Mwenye maktaba ya miaka minane apige hesabu kwanza, gemu ya dola 20 upande mmoja na kila kitu kingine upande wa pili, kabla hajapiga simu benki.